Mizani Chini ya Meza

Mkebe ulikuwa wa Kimbo, ule wa bati wa zamani, na shosho aliumwaga wote juu ya gunia bila hata kuangalia ndani. Zikatoka sarafu thelathini na moja, vifungo viwili vya koti na ufunguo ambao kufuli lake lilishapotea. Tulikuwa tumeketi nje ya jikoni yake hapa Sagana, upande wa reli, ambako treni ya Nanyuki ikipita unasikia vikombe vikigongana ndani ya kabati. Mjukuu wake alikuwa amemwambia kuna kijana mtaani ananunua pesa za zamani. Nisingekuja mimi, mkebe ungeenda kwa mtu wa skrapu na kupimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka.

Nilizipanga kwa safu kama ninavyofanya siku zote. Nyingi zilikuwa za kawaida: ndururu na peni zenye tundu, shilingi za simba, sumuni za Kenyatta. Halafu ilikuwepo moja kubwa, fedha iliyofifia ikawa rangi ya moshi. Nikatoa lenzi mfukoni. Ilikuwa florini ya Afrika Mashariki, na mwaka wake ulikuwa umesuguliwa na mikono ya watu: moja, tisa, mbili, halafu tarakimu ya mwisho ya kubahatisha. Nikaiinamisha kidogo ili mwanga uingie kwa ubavu. Haikuwa sifuri. Ilikuwa moja.

"Na hiyo kubwa ni ya nini?" shosho akauliza.

"Ni ya zamani tu, shosho."

Nikampa mia sita kwa zote. Alizikunja noti akazifunga kwenye pembe ya leso, akaniombea baraka kwa Kikuyu, akanimiminia na chai. Niliinywa. Jioni hiyo nilituma picha kwa mtu wa Nairobi anayenunua vitu kama hivi, na kabla ugali haujaiva alikuwa amejibu: elfu ishirini, hata leo, nikitaka.

Ukitafuta uongo katika maneno yangu hutaupata. Sarafu ilikuwa ya zamani. Lakini lile neno "tu" nimelala nalo wiki kadhaa, na ndilo limenifanya niandike haya.

Wacha nieleze kwanza nilifikaje kwenye mkebe wa watu.

Nilianza mambo ya sarafu mwaka ule niliacha chuo. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika makala za watu kwa mtandao, na siku ambazo kazi hazikuja zilikuwa ndefu sana. Siku moja nilipewa chenji dukani: shilingi mbili, moja ina Kenyatta, nyingine ina twiga. Nimezishika pesa hizo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini Mzee aliondoka akaja mnyama. Nikatafuta. Kumbe ni Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kinachosema noti na sarafu zetu zisiwe na picha ya mtu yeyote binafsi. Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini. Yaani kulikuwa na hoja nzima ya kisiasa mfukoni mwangu, na mimi nilikuwa nainunulia mandazi.

Anayetaka kuanza hahitaji mali. Anza na chenji. Sarafu za kwanza za Kenya zilitoka 1966, na zile za miaka ya mwanzo zina uso wa Kenyatta bila maandishi yoyote kuuzunguka. Kuanzia 1969 yakaongezwa maneno ya kumtaja kuwa rais wa kwanza. Ukizipata mbili hizo ukaziweka kando kwa kando, tayari umeanza kukusanya, kwa sababu umeanza kutofautisha.

Halafu unahitaji jicho. Langu nililipata kwa fundi wa saa Karatina, lenzi kuukuu inayokuza mara kumi, ile ya kubana kwenye tundu la jicho. Alinifundisha kuitumia bila malipo: leta kitu karibu na lenzi, usipeleke lenzi kwa kitu, tumia taa moja, itokee upande, kwa sababu mwanga wa juu unafuta kila kitu. Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Usiishike sarafu kwa uso, ishike kwa ukingo, maana jasho la kidole huacha alama. Na usiisugue. Senti yangu ya kwanza nzuri niliisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, na aliyenielewesha baadaye kwamba nilikuwa nimeinyoa ngozi alicheka mpaka akakohoa.

Mwisho unahitaji kitabu. Wakusanyaji wa dunia nzima walilelewa na kitabu kinene kinachoitwa Standard Catalog of World Coins, ambacho wengi wanakiita Krause kwa jina la mchapishaji wake. Kila sarafu ina namba yake, miaka iliyotengenezwa, idadi iliyotolewa pale inapojulikana, na bei kulingana na hali. Mimi nilipata toleo la zamani lisilo na jalada kwa muuza vitabu vya mitumba Nairobi. Kwa asiye na kitabu, mtandao wa Numista una mengi bila malipo. Bei za kitabu si bei utakazolipwa, hilo ujue mapema. Kitabu kinakuonyesha kipi ni cha kawaida na kipi ni adimu, na bila kujua hivyo, lenzi ni kioo cha kuchezea.

Lenzi na kitabu vikikutana, unaanza kuona vitu ambavyo vilikuwepo siku zote. Senti tano na senti kumi za 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti Desemba ya mwaka huohuo kabla ya kuvikwa taji. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa zitumike. Kwetu zilitumika, kwa kuwa sarafu ya tundu haina nafasi ya uso, ina jina tu, na zilishatengenezwa. Nyingine zina herufi ndogo sana, H au KN, za viwanda vya Birmingham vilivyozipiga. Shilingi za George wa Sita za mwanzo zinamtaja kuwa mfalme na kaizari wa India. India ikapata uhuru 1947, na za 1948 hazina tena hayo maneno ya India. Himaya inapoteza nchi kubwa kuliko zote ilizokuwa nazo, na habari inafika Sagana kwa kupungua kwa herufi chache kwenye ukingo wa shilingi. Nani aliziona? Labda karani mmoja wa posta.

Florini ya shosho ni ya historia hiyohiyo. Pesa ya hapa ilikuwa rupia. Kabla ya vita vya kwanza, rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Baada ya vita fedha ikapanda bei na rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaamua ihesabiwe kwa shilingi mbili kamili. Ikaletwa florini ichukue nafasi ya rupia. Haikumaliza muda, 1921 ikaletwa shilingi ichukue nafasi ya florini. Pesa tatu kwa muda wa miaka miwili hivi. Waliokuwa wakibishana juu ya kiwango walikuwa mabenki, walowezi wenye madeni, na maofisa wa London. Mkulima na kibarua hawakuwa mezani; wao waliambiwa tu, hii uliyo nayo sasa inaitwa hivi. Mwaka huohuo wa 1921 waajiri wa kizungu waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, Harry Thuku akasimama kupinga, na Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, Nyanjiru akiwa miongoni mwao.

Kwa sababu florini ilikufa haraka hivyo, za 1920 zinapatikana kwa wakusanyaji lakini za 1921 ni adimu. Tofauti nzima iko kwenye tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo niliyoiona mimi na shosho hakuiona.

Sasa swali. Nilikuwa na haki ya kunyamaza?

Si swali jipya. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake anawagombanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Anatoa mfano wa mfanyabiashara anayefika na nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kuwa meli nyingine za nafaka ziko njiani. Awaambie watu wa Rhodes, au auze kwa bei ya njaa? Diogenes anasema kunyamaza si kudanganya. Muuzaji halazimiki kusema kila anachojua. Antipater anasema aseme yote, kwa sababu binadamu ni jamii moja na faida ya mmoja isijengwe juu ya giza la mwingine. Mbele kidogo Cicero anatoa mfano mwingine, na nilipoufikia niliweka kitabu chini nikatoka nje: mtu anauza dhahabu akidhani ni shaba nyeupe. Mnunuzi mwema amwambie, au ainunue kwa dinari moja wakati thamani yake ni elfu?

Huyo ni shosho na mkebe wake. Miaka zaidi ya elfu mbili, na bado tumeketi kwenye gunia lilelile.

Nilijitetea kwa kila njia niliyoijua. Nilijiambia kwanza kwamba nimefanya kazi. Lenzi nilinunua, kitabu nilinunua, macho yangu yameuma usiku mwingi juu ya herufi zisizoonekana. Ujuzi ni mtaji kama mtaji mwingine. Daktari hatoi ushauri bure, na fundi anayesikia injini ya gari na kujua ugonjwa wake kwa mlio analipwa kwa masikio yake. Kwa nini mimi jicho langu liwe la sadaka?

Nikajiambia pia kwamba aliridhika. Hakuna aliyemlazimisha. Alipewa bei, akakubali, akatoa baraka na chai. Biashara ni maelewano.

Halafu nikasema bila mimi florini ingeyeyushwa. Mtu wa skrapu asingeuliza mwaka. Nimeiokoa, basi ni yangu.

Zote tatu zina ukweli ndani. Lakini niliona ninazirudia kila siku, na mtu hajitetei kila siku kwa jambo alilolimaliza.

Kilichozivunja ni kahawa. Hapa Kirinyaga na kule Nyeri huwezi kukaa matanga bila kusikia habari ya kahawa. Mkulima anachuma, anapeleka kiwanda cha chama, na pale kiwandani mizani iko mbele yake. Anaikodolea macho. Kilo ikipungua atagomba mpaka jioni. Lakini baada ya mizani ile, kahawa inaondoka machoni pake. Inamenywa, inakaushwa, inapelekwa kukobolewa, inapangwa kwa ukubwa wa mbegu, AA, AB, PB, inaonjwa na watu ambao ulimi wao ndio kazi yao, inauzwa mnadani Nairobi. Bei kubwa inaamuliwa pale kwenye kuonja, na mkulima hayupo. Anapewa karatasi. Wazee wengi wamezeeka wakilima kahawa wasiyowahi kuambiwa ina ladha gani.

Mimi nimeandika juu ya hayo. Nimeandika kwa hasira, nikiwaita mabroka majina. Nilisema ubaya hauko kwenye kujua kwao, uko kwenye kujua peke yao halafu kupanga bei na asiyejua. Sasa fikiria nilipojiona mwenyewe nimeketi juu ya kigoda cha shosho, ulimi wangu umeshaonja, karatasi naandika mimi.

Kwenye buchari za hapa mizani inaning'inia mahali ambapo kila mtu anaiona. Muuza nyama anajua mengi kuliko mimi: ng'ombe alitoka wapi, alichinjwa saa ngapi, nyama laini iko wapi. Sidai anifundishe yote hayo. Lakini akichukua nyama akaipeleke nyuma ya pazia, arudi aniambie "ni kilo moja tu", nitatoka. Pengine kweli ni kilo moja. Nitatoka tu, kwa sababu kipimo cha bei yetu sisi wawili amekifanya chake peke yake.

Lenzi yangu ni mizani. Nilipoitoa pale kwa shosho niliipima mali yake mbele ya macho yake, na majibu nikayaficha chini ya meza. Kama ningekuwa sijui chochote, tungekuwa sawa: wajinga wawili wakikisia. Kama naye angekuwa na lenzi, tungekuwa sawa pia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, na kati ya wakusanyaji wawili naikubali methali hiyo kabisa. Nikienda kwa muuza sarafu mwenye kitabu na taa mezani, nikaona alichokipita yeye, sina deni naye. Alikuwa na macho, aliyafumba. Lakini methali inataja mwenye macho. Asiye nayo haimtaji, na mimi niliitumia kana kwamba inamtaja.

Kuhusu kazi yangu: ni kweli nilifanya kazi, na kazi ina ujira. Ila fundi anayesikia ugonjwa wa gari anakwambia ugonjwa, halafu anataja malipo yake. Hakuambii gari limekufa ili alinunue kwa bei ya mabati. Tofauti ya mia sita na elfu ishirini haikuwa ujira wangu. Hakuna siku yangu ya kazi iliyowahi kulipwa hivyo. Ilikuwa bei ya kutojua kwake.

Kuhusu kuridhika: aliridhia alichokiona. Aliuza "ya zamani tu", kwa sababu hiyo ndiyo nilimuuzia kwanza kwa mdomo wangu.

Na kuiokoa florini? Anayeokota mtoto barabarani anasifiwa anapomrudisha kwao.

Kuna hadithi moja ambayo kila anayeanza kukusanya anapaswa kuijua. Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitoa kitabu mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za zamani za kwao, na humo akaweka kipimo cha hali ya sarafu kutoka 1 mpaka 70. Kipimo hicho kikaenea. Leo ukisikia sarafu ina daraja la 65, ni cha Sheldon. Jicho lake lilisifiwa kuliko yote. Baada ya kufa kwake ikagundulika kwamba alikuwa amebadilisha senti katika hazina ya American Numismatic Society kule New York: alichukua zao nzuri, akaacha zake duni mahali pake, na mambo yakaishia mahakamani. Aliweza kwa sababu hakuna aliyeangalia kwa ukaribu kama yeye. Ujuzi uliompa heshima ndio ulimpa pazia la kujifichia. Mimi wangu si wa makavazi, ni wa mkebe wa Kimbo, lakini pazia ni kitambaa kilekile.

Kwa hivyo nilirudi. Nilibeba florini, lenzi, ukurasa wa kitabu, na mizani yangu ndogo ya mfukoni. Shosho alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia, shosho, nimekuja kwa ile pesa kubwa. Nikamwekea kwenye mizani aone inakaribia gramu 11.7 kama kitabu kinavyosema. Nikamfundisha kubana lenzi. Alichukua muda. Alimwona simba kwanza, akacheka. Halafu nikamwonyesha tarakimu ya mwisho, nikamwambia ikiwa sifuri ni hivi, ikiwa moja ni hivi, na mtu wa Nairobi amesema elfu ishirini.

Alitoa lenzi jichoni. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua, shosho."

"Na mimi nilikuuliza."

Sikuwa na la kusema. Aliendelea na maharagwe yake, na nilikaa pale nikitamani angalau angenitukana. Baadaye sana, akasema, bila kuniangalia, niambie hicho kioo ulinunua pesa ngapi. Nikamwambia. Na kitabu? Nikamwambia. Na kuja hapa mara mbili? Akapiga hesabu yake kwa sauti kama mtu anayempa mshahara kibarua wa kupalilia, akaongeza kidogo, akasema akiiuza nitapata hiyo na hakuna zaidi. Zile thelathini nyingine nibaki nazo, hizo tulielewana. Florini akairudisha ndani ya mkebe. Mpaka leo hajaiuza. Anasema anangoja, na sijui anangoja nini, na si kazi yangu tena kujua.

Ningependa niishie hapo, nionekane mtu aliyenyooka. Lakini mwezi uliofuata nilikuwa soko la Karatina, na kijana mmoja wa vitu vya mitumba alikuwa na bakuli la sarafu chini ya saa mbovu. Ndani yake kulikuwa na shilingi ya 1948 ambayo haijachakaa kabisa, herufi zote zimekaa kama zilivyopigwa, ya aina ambayo nimeitafuta kwa muda. Alisema hamsini. Nilikuwa na hamsini mkononi. Nikamwambia, kaka, hii kwa hali yake inaweza kuzidi hapo, ngoja nikuonyeshe. Nikampa lenzi. Aliangalia, akaniangalia, akasema basi ni elfu tatu.

Elfu tatu si bei yake, ni bei ya kushtuka. Nikajaribu kumweleza tofauti ya adimu na safi, nikamfungulia Numista kwenye simu, lakini alishaamua kuwa namficha kitu kikubwa zaidi. Kwani nani humwambia mtu mali yake ni ghali halafu ataka kuinunua? Nilirudi wiki iliyofuata na bakuli lilikuwa limeuzwa lote. Sikuuliza nani amelinunua.

Huo ndio ugumu ambao Antipater hakumwambia mtu. Ukiishi mahali ambapo kila mizani imekuwa chini ya meza, siku utakayoiweka juu watadhani una nyingine. Mkulima aliyechezewa miaka arubaini hamwamini hata karani mkweli. Uaminifu wangu mmoja hauwezi kulipa deni la mabroka wote, na yule kijana hakuwa na sababu yoyote ya kunichukulia tofauti. Kwa kweli wiki chache kabla nilikuwa mmoja wao.

Hata hivyo kanuni yangu nimeiweka, na ni fupi. Mbele ya asiye na lenzi, nasema nilichokiona kabla ya bei. Siwafundishi watu soko zima, sitembei nikitangaza, na ujira wangu nautaja waziwazi. Lakini nikishaulizwa "hii ni ya nini", najibu mpaka mwisho, na lile neno "tu" nimeliacha.

Ile shilingi ya 1948 niliitaka sana. Bado naitaka.